Kuandika muda wa dripu, oksijeni na mvuke ili bili ya mtoto isikatwe

Bili ya mtoto aliyewekewa dripu haianzii dirisha la bima. Inaanzia kwenye saa aliyoandika nesi kwenye chati, na hapo ndipo hela halali ya kliniki hupotelea, iwe Kirumba au Igoma hapa Mwanza.

Kosa baya kuliko yote ni saa yenyewe. Nesi anaandika "2:10" akimaanisha saa mbili na dakika kumi asubuhi. Daktari anakuja kufunga dripu, anaangalia simu, anaandika "11:15". Mhakiki wa madai anasoma muda wa saa tisa na dakika tano, kumbe mtoto alikaa kwa muda wa saa tatu na dakika tano. Dai linakatwa, na kama mzazi analipa taslimu, anatozwa asichodaiwa, jambo ambalo ni dhuluma hata kama hakuna aliyekusudia. Chati zote zitumie mfumo wa saa 24 (08:10, 11:15), na wote wasome saa moja ya ukutani. Mzazi aelezwe kwa saa yake ya kila siku.

Kwenye dripu andika uzito, aina ya maji, ujazo, saa ya kuanza na kuisha kwa kila awamu, na saini. Chukua mtoto wa miezi 18, kilo 10, aliyeharisha hadi kuishiwa maji vibaya. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) anapata mililita 30 kwa kila kilo ndani ya dakika 30, yaani 300, kisha 70 kwa kilo ndani ya saa mbili na nusu, yaani 700. Akianza 08:10, awamu ya kwanza inaisha 08:40 na ya pili 11:10. Angekuwa chini ya miezi 12, ujazo uleule ungekwenda kwa muda wa saa moja, halafu wa saa tano. Mtu wa bili aijue hesabu hii. Chati ikionyesha lita nzima imeingia kwa dakika 40, ama saa imekosewa ama mtoto yuko hatarini, kwa hiyo mwite nesi kabla ya kugusa dai. Kanula (kimrija cha dripu) ikitoka mshipani na mkono ukavimba, funga muda palepale. Ikiwekwa upya, anza mstari mpya. Dakika za kutafuta mshipa hazihesabiwi.

Oksijeni ni lita kwa dakika mara dakika: lita 1 kwa saa 2 ni lita 120. Mtiririko ukibadilishwa, mstari mpya. Umeme ukikatika na mtoto akahamishwa kutoka konsentreta (mashine ya umeme inayochuja oksijeni hewani) kwenda mtungi, mstari mpya pia. Akipewa rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando, muda wa kliniki unaishia anapotoka mlangoni.

Mvuke, yaani dawa ya kuvuta kwa mashine, huhesabiwa kwa dozi. Salbutamoli (dawa ya kufungua njia za hewa) ikitolewa kila dakika 20, usiandike "mvuke saa 1". Andika 14:00, 14:20, 14:40, na idadi ya pumzi za mtoto kwa dakika, kabla na baada.

Sasa fungua orodha ya bei ya bima husika uone kipimo: saa, siku au dozi. Huduma iliyoorodheshwa kwa siku haizidishwi kwa saa. Utambuzi wa ugonjwa ubebe huduma: dai la oksijeni lenye "mafua" peke yake, bila kiwango cha oksijeni kwenye damu, linakaribisha kukatwa. Saini ya mzazi ichukuliwe kabla hajaondoka, hasa aliyevuka kutoka Ukerewe na anayewahi meli.

Familia yenye bima ya Marekani ikiomba risiti ya kina, wape dakika kamili. Kule dripu ya maji inalipwa kwa msimbo wa huduma 96360 ikifika dakika 31 hadi saa moja, na kila saa inayofuata ni 96361, mradi imezidi dakika 30. Dripu ya yule mtoto wa kilo 10, saa tatu kamili, ni 96360 mara moja na 96361 mara mbili. Ikisimama kwenye dakika 85, 96361 haipo kabisa.