Kabla uunganishe ofisi mbili, badilisha kwanza namba za ruta

Wadau, kama uko na duka Nakuru na tawi Kisumu na unataka yote yaone seva moja ya stoki, usikimbilie VPN (njia ya siri ya kuunganisha ofisi kupitia intaneti), anza na namba za ruta. Ruta nyingi hutoka kwa boksi zikiwa 192.168.1.1, sasa ukiunganisha mbili zenye ziko hivyo, kompyuta ya Kisumu ikitafuta 192.168.1.10 inadhani ni ya hapo hapo ndani, haitoki hata mlangoni. Mimi nilihangaika siku mbili nikilaumu intaneti ya watu, kumbe printa ya Kisumu ilikuwa na namba sawa na seva ya Nakuru!! Weka Nakuru 192.168.10.x, Kisumu 192.168.20.x, Kakamega ikifunguliwa 192.168.30.x, ata ukipigiwa simu usiku unajua shida iko wapi.

Alafu cheki IP (namba ya mtandao) yenye ruta imepewa upande wa intaneti. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127 basi mnashea IP moja ya nje na wateja wengine, na ofisi ingine haiwezi kukubishia kutoka nje. Si lazima ulipie IP ya kudumu kila mahali, moja tu ya Nakuru inatosha, hizo zingine ndio zitaipigia. Natumia WireGuard, programu ya VPN, na kwa matawi naweka PersistentKeepalive 25 (inatuma ishara kila sekunde 25) ndio laini isilale.

Na tafadhali usifungue poti 3389 (mlango wa Remote Desktop, ya kuingia kompyuta ya Windows ukiwa mbali) kwa intaneti ati ndio mhasibu aingie haraka akiwa nyumbani, mwekee VPN kwa laptopu yake pia, si kazi kubwa.