Mtoano wa vyuo: jinsi ya kupima kama timu ziongezwe

Msimu wa soka la Marekani la vyuo ukikaribia ukingoni, mjadala ni ule ule: timu 12 za mtoano zinatosha, au ziwe 16, au hata 24? Usianze na nani kaonewa. Anza na hesabu. Utaratibu huu unafaa hata kama unaandaa mashindano ya vyuo vya mkoani kwako.

Hesabu mechi kwanza. Kila mechi ya mtoano inaondoa timu moja na anayebaki ni bingwa peke yake, kwa hiyo timu 12 ni mechi 11, na 16 ni mechi 15. Kisha chukua namba inayofuata kati ya 8, 16 na 32, utoe idadi ya timu zako: jibu ni timu zitakazoanzia raundi ya pili. Kwa 12 ni nne. Kwa 14 ni mbili tu, hivyo wa tatu anacheza mechi nzima zaidi ya wa pili ingawa pengine wanalingana kabisa. Idadi hiyo iepuke. Kwa 16 hapumziki mtu, lakini raundi zinabaki nne. Ukifika 24 inazaliwa raundi ya tano, yaani wiki nyingine ya safari, malazi na majeraha. Ohio State, mabingwa wa msimu wa 2024, tayari walicheza mechi 16, na hao ni wanafunzi.

Idadi ya mchezo mwingine usiiazime. Mtoano wa mpira wa kikapu wa vyuo kwa wanaume ulikuwa na timu 64 kuanzia 1985 na 68 kuanzia 2011 kwa sababu timu inaweza kucheza Alhamisi na ikarudi uwanjani Jumamosi. Kwenye soka la Marekani haiwezekani.

Panapoharibika zaidi ni kwenye upangaji. Mwaka 2024, mtoano wa timu 12 ulipoanza, nafasi nne za kupumzika zilitengewa mabingwa wa kanda, yaani makundi ya vyuo vinavyocheza ligi moja. Boise State, wa 9 kwa ubora, wakapewa namba 3 kwenye ratiba ya mtoano. Arizona State, wa 12, namba 4. Waliobaki wakasukumwa chini, na Ohio State wa 6 wakawa namba 8. Matokeo yake Oregon, vinara, walikutana nao robo fainali wakalala 41-21. Timu zote nne zilizopumzika ziliishia hapo hapo. Msimu uliofuata kanuni ikabadilishwa.

Dawa yake ni kumhakikishia bingwa wa kanda kuingia, si kupumzika. Namba zifuate ubora. Ukishachora ratiba, ikague kwa kujumlisha namba za wapinzani: raundi ya kwanza kila jozi ilete 17 (5 na 12, 6 na 11, 7 na 10, 8 na 9). Chukulia wenye namba ndogo wanashinda: robo fainali ilete 9, nusu fainali 5. Jozi ikigoma, umekosea kuchora.

Halafu pima waliokaribishwa mwisho. Raundi ya kwanza ya 2024 wenyeji wote wanne, yaani wenye namba ndogo, walishinda: 27-17, 38-10, 38-24 na 42-17. Hakuna mechi iliyokaribiana. Msimu mmoja hautoshi kuhukumu, lakini ukiona hivyo misimu mitatu mfululizo, usiongeze timu. Kwenye kikapu, VCU, timu ya chuo cha Virginia, walianzia mechi za awali za walioingia mwisho mwaka 2011 wakafika nusu fainali. Pale milango ilistahili kufunguliwa.

Mwisho mtazame wa kwanza kuachwa. Mwaka 2023, timu zikiwa nne, Florida State waliachwa wakiwa wameshinda mechi zote 13. Hiyo ni dhuluma, na kuongeza timu kuliitibu. Mwaka 2024 walioachwa mlangoni ni Alabama, waliokwishapoteza mechi tatu. Malalamiko ya namna hiyo hayatoshi kununua raundi ya tano.