Kivumbasi cha chai: usiache dawa iishie juani

Wakulima wenzangu, kivumbasi (wengine mnakiita mrumbasha) kinajiotea chenyewe pembeni ya mashamba na tunakifyeka kama magugu, wakati mjini kikikaushwa na kupakiwa watu wananunua kwa ajili ya chai. Shida ni kwamba kingi kinachouzwa kimeshakuwa nyasi tu, harufu hamna, na harufu ikishapotea ujue sehemu kubwa ya dawa nayo imepotea.

Iko hivi. Juu ya jani kuna vifuko vidogo mno, ndimo yanamokaa mafuta ya harufu, ukilifikicha vinapasuka ndo maana mkono unanukia. Kwenye vivumbasi vingi mafuta hayo yana yujenoli kwa wingi, yaani kemikali ya harufu, ile ile iliyojaa kwenye karafuu za Pemba, ile ambayo madaktari wa meno wanaichanganya na zinki oksidi kuziba jino kwa muda. Maabarani imeonekana inaua bakteria na fangasi, inatia ganzi kidogo, na wadudu hawaitaki kabisa, kwa hiyo wazee waliokuwa wanachoma majani kufukuza mbu au kuyaweka kwenye mahindi ghalani walijua wanachofanya. Halafu kuna asidi ya rosmarini, hii haina harufu, inatoka vizuri kwenye maji moto na inasaidia kupunguza uvimbe. Ila maabara ni maabara jamani, ukiwa na homa nenda kapime malaria kwanza, chai utakunywa baadaye.

Sasa shambani. Vivumbasi havifanani, kimoja kinanukia karafuu na jirani yake ana thaimoli nyingi (kemikali nyingine ya harufu), huyo ananukia kikali kama dawa ya kifua, na mbegu zinaweza kukuletea mchanganyiko. Mimi nashauri tafuta mche mmoja unaoupenda harufu, chukua vipandikizi vyake, otesha kivulini hadi vishike mizizi ndo upeleke shamba, hapo chai yako itakuwa ya ladha moja. Ukitumia mbegu usizifukie chini sana, ni ndogo mno na zinataka mwanga, changanya na mchanga unyunyize juu juu.

Na angalia usichanganye na ndugu yake mwenye kafuri! Huyo kule Kakamega wanamlima kwa ajili ya mafuta ya kuchua, kazi nzuri sana, lakini kafuri si ya kunywa, kwa watoto inaweza kuleta degedege. Jani likinukia kafuri liache.

Vuna mimea inapoanza kutoa maua, asubuhi umande ukishakauka, kata matawi uache shina na majani kiasi ili lichipue tena, using'oe. Usichume kando ya barabara wala karibu na josho au shamba lililopigwa dawa. Kukausha ndo wengi wanaharibu, wanamwaga kwenye turubai juani siku nzima, jua linafukuza mafuta na jani linakuwa la kahawia. Anika kivulini penye upepo, kwenye kichanja cha neti, tandaza kwa wembamba, geuza geuza. Limekauka likivunjika kwa mlio, likipinda bado, ukilifunga hivyo litaota ukungu. Hifadhi majani mazima, usisage mapema, kwenye chombo kinachofunga na kisichopitisha mwanga.

Mteja naye mwelekeze, maji yakichemka amimine juu ya majani afunike kwa dakika kama 10, maana akichemsha sufuria wazi ule mvuke unaonukia jikoni ndo mafuta yenyewe yanaondoka. Wajawazito, na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, waongee na daktari kwanza, yujenoli nayo inapunguza kuganda kwa damu.

Kwenye lebo andika chai ya kivumbasi na tarehe ya kukausha, usidai tiba. Ukiongeza "inatibu presha na sukari" umeshatoka kwenye chai umeingia kwenye dawa, na kwa Tanzania hapo unatakiwa usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.