Somo: Kufuatilia kumbukumbu za babu aliyetumikia Jeshi la Majini la Uingereza wakati wa vita

Somo hili linahusu mabaharia wa kawaida wa Royal Navy katika Vita vya Kwanza na vya Pili vya Dunia. Maofisa na mabaharia wa meli za biashara wana njia zao, nimewagusa kwenye maswali huko chini.

Kabla ya kuanza, shika jambo moja. Kadi ya utumishi iliandikwa ili mtu alipwe mshahara. Inakuonyesha jina lake lilikuwa kwenye hesabu za wapi, na hapo mara nyingi si mahali alipokuwa yeye mwenyewe. Anayeisoma kama ratiba ya safari atapotea mapema.

Hatua ya 1: Tafuta namba ya utumishi

Jina peke yake halitoshi, maana akina John Smith wako wengi mno. Pekua nyumbani kwanza: cheti cha utumishi, kitabu cha malipo, bahasha za barua, nishani. Nishani za Vita vya Kwanza zilichapwa namba, jina na cheo ukingoni, na ile yenye umbo la nyota ilichapwa mgongoni. Nishani za Vita vya Pili Uingereza ilizitoa bila jina, kwa hiyo usijichoshe kuzigeuzageuza.

Kama alifia vitani, mambo ni mepesi zaidi. Tafuta jina lake kwenye hifadhidata ya Commonwealth War Graves Commission, tume inayotunza makaburi ya wanajeshi waliofia vitani. Utapata namba, cheo, tarehe ya kifo na mara nyingi jina la meli. Waliopotelea baharini bila kaburi wengi wameandikwa kwenye minara ya Chatham, Plymouth na Portsmouth. Wale wa meli ndogo za doria wako Lowestoft.

Hatua ya 2: Isome namba yenyewe

Herufi zilizotangulia namba zinabeba habari nyingi, na watu huziruka. Kuanzia 1908, J ni baharia wa sitaha au wa mawasiliano, K ni mchochea makaa wa chumba cha boila, M ni fundi na kada kama makarani na wahudumu wa wagonjwa, L ni mhudumu wa maofisa. Ukiona X imeongezwa (JX, KX, MX), mtu huyo yuko kwenye viwango vipya vya mshahara vya 1925.

Herufi iliyotengwa kwa alama ya mkwaju (/) ni bandari yake ya asili: C ni Chatham, D ni Devonport, P ni Portsmouth. Kwa hiyo D/KX ni mchochea makaa wa Devonport chini ya viwango vipya. LT/ ni Lowestoft, yaani kikosi cha doria kilichotumia hasa meli za uvuvi zilizogeuzwa kuwa za kijeshi. Nakili namba pamoja na herufi zake zote, maana tarakimu zilezile zaweza kuwa za watu wawili tofauti.

Hatua ya 3: Jua faili liko wapi

Walioingia jeshini kati ya 1873 na 1923 wako National Archives, hifadhi ya nyaraka za taifa ya Uingereza iliyoko Kew, London, kwenye mfululizo ADM 188 (ADM ni nyaraka za Admiralty, wizara iliyosimamia jeshi la majini), ambao unatafutika mtandaoni kwa jina, namba, tarehe na mahali pa kuzaliwa. Rekodi za ADM 188 zinakoma karibu na 1928. Aliyeendelea kutumikia baada ya hapo mtafute kwenye ADM 362 na ADM 363.

Kwa Vita vya Pili, mafaili yalikuwa yakishikwa na Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, na tangu 2022 yamekuwa yakihamishiwa National Archives kwa awamu. Kwa hiyo anza na katalogi ya National Archives, na usipomwona peleka ombi Wizarani. Andaa cheti cha kifo, isipokuwa kama alifia kazini. Faili la mtu ambaye hajafikisha miaka 115 tangu azaliwe kwa kawaida limefungwa hadi uthibitishe kwamba amefariki.

Tarehe ya kuzaliwa isipolingana na ya nyumbani, usimtupe mtu huyo haraka. Vijana wengi waliongeza umri ili wapokelewe. Achia tofauti ya miaka miwili, kisha linganisha mahali pa kuzaliwa.

Hatua ya 4: Soma kadi safu kwa safu

Hapa ndipo penye kazi. Safu ya meli itakuwa na majina kama Victory, Pembroke au Drake, na ndugu wataanza kusimulia kwamba babu alisafiri na Victory. Hayo ni majina ya kambi za nchi kavu: Victory ni Portsmouth, Pembroke ni Chatham, Drake ni Devonport. Baharia alipitia huko akisubiri kupangiwa meli, akisoma kozi, au akitoka hospitali. Namba za Kirumi baada ya jina, kama Victory II, zinatenganisha vitabu vya hesabu.

Tazama sana mabano. Meli ndogo hazikuwa na ofisi yake ya malipo, hivyo wafanyakazi wake waliandikwa chini ya kambi au meli mama. Ukiona "Nile" na jina jingine kwenye mabano, Nile ni kambi ya Alexandria, na jina la ndani ya mabano ndiyo meli aliyopanda. Asiyejua hilo huandika "alikaa Misri miaka miwili" na kufunga kitabu.

Safu ya tabia ilijazwa kila 31 Desemba, na V.G. ni tabia nzuri sana, alama waliyopata wengi. V.G. iliyokosekana mwaka mmoja ndiyo ya kuchunguza.

Hatua ya 5: Iache kadi, nenda kwenye meli

Ukishakuwa na jina la meli na tarehe, hamia nyaraka za meli yenyewe. Daftari za safari ziko ADM 53, na za nyambizi ADM 173. Zinatoa mahali meli ilipo, hali ya hewa na kazi za siku, lakini baharia wa kawaida hutajwa kwa nadra. Kwa sehemu kubwa ya Vita vya Pili, daftari za manowari ndogo kuliko kruza (manowari ya ukubwa wa kati) hazikuhifadhiwa. Hapo tumia ADM 199, yenye taarifa za misafara na mapigano, na ADM 187, orodha zilizoonyesha meli kubwa ziko wapi. Meli ndogo za kivita zilizokuwa karibu na Uingereza ziko ADM 208, na vyombo vya kushushia askari ufukweni viko ADM 210.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, kadi ya babu ina "Tana" kwa miezi mingi ya 1943. Nimetafuta meli hiyo sijaipata.

Jibu: Hutaipata, ndugu yangu. HMS Tana ilikuwa kambi ya Kilindini, Mombasa. Baada ya Wajapani kushambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo) Aprili 1942, Kikosi cha Mashariki cha jeshi hilo la majini kilihamishia makao yake huko. Tazama kama kuna mabano. Kama hayapo, huenda alifanya kazi nchi kavu, kwa mfano karakana, bohari au mawasiliano. Cheo chake kitakuelekeza ni ipi.

Swali: Mwisho wa kadi kuna D.D., na mstari mwingine una neno Run. Yanamaanisha nini?

Jibu: D.D. ni kuondolewa kwenye hesabu kwa sababu ya kifo, cha vitani au cha ugonjwa. Run ni kutoroka. Run ikifuatwa na meli nyingine, alirudi au alikamatwa, na mara nyingi utakuta siku za kifungo karibu na hapo. Kama yote mawili yapo kwenye karatasi moja, hakikisha kwanza kwamba hujachanganya watu wawili.

Swali: Babu mzaa mama alikuwa ofisa. Mbona hana namba?

Jibu: Maofisa wa zama hizo hutafutwa kwa jina. Jaribu ADM 196 na ADM 340. Kisha fungua Navy List, orodha rasmi ya maofisa wa jeshi la majini, ambayo National Library of Scotland imeiweka mtandaoni kwa miaka ya vita zote mbili. Cheo na tarehe ya kukipata vitakusaidia kutenganisha majina yanayofanana.

Swali: Na aliyekuwa kwenye meli ya mizigo?

Jibu: Huyo hayumo ADM hata kama meli yake ilizamishwa na adui, maana hakuwa mwajiriwa wa jeshi. Nenda kwenye mafaili ya BT (Board of Trade, wizara ya biashara): nishani za Vita vya Pili ziko BT 395, kumbukumbu za mabaharia BT 382, orodha za wafanyakazi BT 381, kadi za mienendo ya meli BT 389. Kwa BT 381 unahitaji namba rasmi ya meli, kwa hiyo ipate hiyo kwanza. Waliohudumia mizinga ndani ya meli hizo wachunguze zaidi: wengi walikuwa wanajeshi wa majini, na kadi zao zinaonyesha President III, ambayo nayo ni kambi ya nchi kavu.