Somo: Namna ya kumtunza gobi wa Stiphodon

Gobi wa jenasi ya Stiphodon ni samaki wa sentimita 4 hadi 5 aishiye katika vijito vyenye mawe vya visiwa vya joto, Okinawa cha Japani kikiwa kimojawapo, naye akiwekwa tangini mara nyingi huuawa na njaa.

Hatua ya kwanza: andaa chakula kabla ya samaki. Kijitoni yeye hushinda akikwangua utando wa mwani juu ya mawe. Panga mawe laini ya mtoni, washa taa kali, kisha liache tangi kwa wiki 6 au zaidi, mpaka ukipitisha kidole juu ya jiwe uhisi utelezi wa kijani. Wengi huudhani uchafu wakausugua, nawasihi wauache. Mawe mengine yawekwe kwenye beseni la maji juani, yawe ya kubadilishana na yaliyokwisha kukwanguliwa.

Hatua ya pili: pampu isukume maji kwa kasi hadi uso wake utikisike, joto likiwa nyuzi 22 hadi 26, na maji ya bomba yaondolewe klorini. Funika tangi, kwa kuwa mapezi yake ya tumbo yameungana yakawa kikombe cha kunatia, ambacho humwezesha kupanda kioo na kutoka nje.

Hatua ya tatu: dukani, mtazame tumbo anaponata kiooni. Likiwa limebonyea, ameshinda na njaa muda mrefu, na wa namna hiyo ni vigumu kupona.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, dume wangu alilinda mayai chini ya jiwe, lakini watoto wote wametoweka. Nimekosea wapi?*

Hukukosea, ndugu. Kwao, mabuu, yaani watoto waliotoka tu mayaini, wenye urefu wa milimita moja na kidogo, huchukuliwa na mkondo hadi baharini, wakakulia huko miezi kadhaa ndipo warudi mtoni; katika maji yasiyo na chumvi hufa baada ya siku chache. Ndiyo maana karibu wote wanaouzwa wamevuliwa mtoni, na ndiyo maana nashikilia kwamba asiye na mawe yenye mwani asiwanunue.

*Huku Tanga maji hufika nyuzi 30 mchana. Nifanyeje?*

Elekeza feni juu ya maji, ufunike kwa wavu wa matundu madogo badala ya kioo, na kila jioni uongeze maji yaliyopungua.