Kuandika kiendeshi kimoja cha skrini nyingi za mguso kwenye Linux

Anayeandika kiendeshi cha skrini ya mguso, yaani programu inayouwezesha mfumo kuielewa skrini hiyo, kwa mara ya kwanza huvutwa na kifaa kilicho mezani kwake: huhesabu baiti, hugundua zipi zinabeba mlalo na zipi wima, kisha huzikaza namba hizo ndani ya msimbo. Kiendeshi chake kitafanya kazi, lakini kwa kifaa hicho tu. Kiendeshi cha jumla hakibahatishi mpangilio wa ripoti, yaani vifurushi vya data ambavyo kifaa hutuma, bali hukiuliza kifaa chenyewe. Mfano mzuri wa kusoma kabla ya kuandika chochote ni faili hid-multitouch.c, iliyoingia katika kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux toleo la 2.6.38 mwaka 2011, kazi ya Benjamin Tissoires na Stéphane Chatty wa chuo cha usafiri wa anga ENAC cha Ufaransa.

Kifaa kinachofuata kanuni za HID, ambazo ni kanuni za vifaa vinavyotumiwa na binadamu kama kibodi na kipanya, kiwe kimeunganishwa kwa USB au kwa I2C (waya za ndani za kuunganisha chipu), hubeba ndani yake maelezo ya ripoti zake. Yasome kwanza kupitia faili rdesc iliyo chini ya /sys/kernel/debug/hid. Humo kila kitu hutajwa kwa namba mbili: ukurasa, yaani kundi la maana, na matumizi, yaani maana yenyewe ndani ya kundi hilo. Tafuta ukurasa 0x0D wenye matumizi 0x04, ambayo ndiyo skrini ya mguso. Ukikuta 0x05, hiyo ni padi ya mguso, na kanuni zake ni tofauti. Ndani ya maelezo ya skrini utaona kundi la kidole, 0x22, lenye alama ya kugusa 0x42 na kitambulisho cha mguso 0x51, pamoja na mlalo na wima kutoka ukurasa 0x01, yaani 0x30 na 0x31. Idadi ya miguso inayotajwa na ripoti ni 0x54, na ukomo wake ni 0x55. Chipu isiyozungumza HID huhitaji kiendeshi chake mahususi, na njia hii haitaifaa.

Kwa kila sehemu unayoitambua, hifadhi ilipo na utangaze kwa kerneli kiwango chake cha chini na cha juu kama kilivyo katika maelezo. Usizigeuze namba hizo kuwa pikseli. Kiendeshi hakijui skrini imegeuzwa upande gani wala mtumiaji ana skrini ngapi. Hayo ni ya libinput (maktaba inayopokea matukio ya kerneli) na mazingira ya dawati, na kiendeshi kinachojaribu kuyatatua huwaharibia wote walio juu yake. Baada ya kutangaza viwango, ita kitendakazi cha kerneli input_mt_init_slots ukikipa alama INPUT_MT_DIRECT, ili mfumo ujue kwamba kidole kinagusa kile kile kinachoonekana.

Penye kazi kubwa ni ufuatiliaji wa vidole. Kila kidole hupewa nafasi yake: hutajwa ABS_MT_SLOT, kisha ABS_MT_TRACKING_ID, kisha mahali kilipo, na kikinyanyuka kitambulisho hicho huwa -1. Kosa la kawaida ni kuichukua namba ya mguso inayotolewa na kifaa kuwa ndiyo namba ya nafasi. Kifaa kinaweza kukiita kidole cha kwanza 37, nacho hakijakosea. Kitendakazi input_mt_get_slot_by_key ndicho kinachokutafutia nafasi inayostahili. Fremu, yaani hali ya vidole vyote kwa wakati mmoja, ikikamilika, ita input_mt_sync_frame, halafu input_sync.

Lakini fremu hukamilika lini? Vifaa vingine huwa na nafasi ya vidole viwili tu katika ripoti moja, hivyo vidole vitano hufika kwa ripoti tatu mfululizo, ya kwanza ikitaja 5 na zinazofuata zikitaja 0. Ukiifanya kila ripoti kuwa fremu kamili, vidole vitapepesa kama taa yenye waya uliolegea. Ishike ile 5, uhesabu hadi itimie, ndipo utangaze.

Kuna pia vifaa visivyotuma habari kwamba kidole kimenyanyuka. Kwa hivyo hid-multitouch ina kipima muda cha milisekunde 100 kinachoachilia vidole vilivyosahaulika. Weka hila za aina hii kama alama kwenye jedwali la vifaa, zisitapakae kama masharti katikati ya msimbo, na kabla ya kuongeza mstari mpya jiulize kama kasoro ni ya kifaa kweli au ni yako. Mara nyingi, nikiri, ni yako.

Kwa majaribio, huhitaji kumiliki kila skrini. Mwenye kifaa hunasa ripoti kwa hid-recorder, nawe huzirudisha kwa hid-replay, ambayo kupitia uhid (sehemu ya kerneli inayounda vifaa vya HID vya kuigiza) huifanya kerneli iamini kwamba kifaa kipo. Tazama matokeo kwa evtest, programu inayoonyesha matukio yanayotoka kwenye kerneli. Hifadhi kila rekodi ya kifaa kilichowahi kukushinda, kwa sababu badiliko linalokiponya kifaa kipya ndilo huharibu kile cha mwaka juzi, na mwenye kifaa hicho huenda hayupo tena wa kukuambia.