Kabla hujakata chesisi, piga alama mbili

Kwa wenye pikapu za kizamani mnaotoa ekseli nzima ya mbele mnaweka sasipensheni ya kila tairi kivyake: kabla ya grenda, gari likiwa chini na injini ndani, shusha timazi (uzi wenye uzito mwishoni) usawa wa katikati ya ekseli, piga alama ya panchi (kile chuma chenye ncha cha kugongwa na nyundo) kwenye chesisi pande zote, halafu nyingine sentimita 50 nyuma, pale pasipokatwa. Chaki usiiamini, kwa joto la Mtwara jasho tu linaifuta. Springi zikishatoka hakuna kinachokwambia tairi lilikaa wapi, ukikosea sentimita 2 tu linaweza kusugua madigadi kwenye kona. Ila kama senta bolti ya springi (ile inayoshika ekseli isihame kwenye springi) imekatika ekseli ishahama, alama zitakudanganya, kwahiyo anza kulinganisha vipimo vya kushoto na kulia.